YADI IKIGEUKA GHOROFA, FUNDI AENDE WAPI?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kisumu. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Neno letu la leo ni juu ya viwanja vya kazi vinavyogeuka kuwa nyumba za kuuza. Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kiwanja ambacho magari yaliuzwa na kutengenezwa hufungwa siku moja. Ua wa mabati huinuliwa, na juu yake hutundikwa ubao wenye picha ya jumba la ghorofa nane. Wapita njia husema, "Mji wetu wakua." Naam, mji wakua. Lakini ndani ya kiwanja kile walikuwamo watu wanaokula kwa jasho lao, na chama chauliza: hao walielezwa lini, na nani, na walilipwa nini?

Hatusemi haya kwa kuwa tunachukia ghorofa. Kisumu ina haja ya nyumba. Mfanyakazi anayelala Nyalenda, Manyatta au Obunga katika chumba kimoja na watoto watano hahitaji kuelezwa jambo hilo. Tena wanaojenga ghorofa ni wafanyakazi kama sisi: waashi, mafundi wa vyuma, mafundi bomba, vibarua wa zege. Tunalosema ni kwamba faida ya kiwanja isiende yote upande mmoja na hasara yote upande wa pili.

KWA NINI KIWANJA KIMEKUWA NA THAMANI KULIKO KAZI

Yafaa tujue sababu, maana mtu asiyejua sababu hudhani ni bahati mbaya tu.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, na mahali penyewe paliitwa Port Florence. Mji ulikua kutoka bandarini na stesheni. Maghala, karakana na viwanda viliwekwa karibu na njia ya reli na ziwa, na wafanyakazi walikaa katika nyumba za kupanga za mji, kama Makasembo, Ondiek na Lumumba, wakaweza kwenda kazini kwa miguu. Magari yalipokuwa mengi, wauzaji na wenye karakana nao walichukua viwanja vikubwa kando ya barabara. Siku hizo kiwanja kikubwa kilikuwa ni haja ya kazi: mahali pa kupanga magari, karakana nyuma, stoo ya spea, na sehemu ya kupaka rangi.

Mambo yamebadilika. Kisumu ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2001. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza, na hapa pakawa makao makuu ya kaunti. Uwanja wa ndege ulipanuliwa. Mei 2022 mkutano mkubwa wa miji ya Afrika ulifanyika hapa. Bandari imetengenezwa upya, na Desemba 2021 treni ya abiria ilirudi. Watu wenye mishahara mizuri wamekuja, nao wataka kukaa karibu na mji. Tazameni Milimani: nyumba ya zamani yenye bustani huondoka, na mahali pake huja ghorofa.

Biashara ya magari nayo si ile ya zamani. Magari mengi yauzwayo Kenya ni yale yaliyotumika, kutoka Japani, ambayo kwa kanuni zetu hayatakiwi kupita umri wa miaka 8. Mnunuzi hutazama picha katika simu yake kabla hajafika kwa muuzaji. Basi tajiri mwenye kiwanja katikati ya mji huanza kujiuliza kama magari ishirini yaliyosimama juani yanamlipa sawasawa na ardhi iliyo chini yake.

Halafu ipo sheria. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyochukua mahali pa ile ya 1987, yamwezesha mtu kumiliki nyumba moja ndani ya jengo, kwa hati yake mwenyewe, huku ngazi, paa na uwanja vikiwa vya wote. Tufanye hesabu ya mfano. Kiwanja kimoja chenye jengo la ghorofa nane, kila ghorofa nyumba nane, ni nyumba 64. Kiwanja kilichokuwa na mwenyewe mmoja sasa chaweza kuuzwa mara 64, na mara nyingi nyumba huanza kuuzwa kabla jengo halijakwisha. Hapo ndipo penye siri ya ubao wa picha. Hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, ambaye mikono yake yaweza kushindana na hesabu hiyo.

WALIOMO NDANI YA YADI

Mtu akisema "yadi imefungwa" husikia mlango mmoja tu. Sisi twawahesabu watu. Yumo fundi wa injini, fundi wa umeme, fundi wa bodi, mpaka rangi, karani wa stoo, karani wa mauzo, dereva, mlinzi. Hao wana vitabu vya mshahara. Kisha wamo vibarua wanaoosha magari na kufagia, ambao hulipwa kila jioni na majina yao hayaandikwi popote. Na langoni wako wengine: mama anayeuza ugali na omena, kijana wa kuziba pancha, mwenye kibanda cha betri, bodaboda wanaongoja wateja. Yadi ikifungwa, wote hawa hupoteza riziki siku moja, lakini haki zao mbele ya sheria hazifanani. Tuzitazame moja moja.

WENYE MSHAHARA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema wazi namna ya kupunguza wafanyakazi. Tajiri hana ruhusa ya kuwaita asubuhi na kuwaambia, "Kazi imekwisha." Ni lazima:

1. Awape taarifa chama na afisa wa kazi, si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi ya watakaoondoka. Asiye mwanachama apewe taarifa yake mwenyewe kwa maandishi.
2. Achague wa kuondoka kwa haki, akitazama muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja.
3. Alipe fedha za siku za likizo ambazo hazijachukuliwa.
4. Atoe notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake.
5. Alipe malipo ya kupunguzwa kazi, si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Hicho ndicho kiwango cha chini. Mapatano ya pamoja kati ya chama na tajiri yaweza kupata zaidi, na yafaa yapate zaidi.

Sasa sikilizeni hesabu. Tuseme fundi apata shilingi 30,000 kwa mwezi, naye amefanya kazi miaka 12. Siku 15 kwa kila mwaka, kwa hesabu ya siku 30 kwa mwezi, ni shilingi 15,000 mara 12, yaani 180,000. Ongeza mwezi wa notisi, 30,000. Jumla 210,000. Tuseme tena kwamba nyumba ndogo katika jengo litakalosimama pale pale yauzwa shilingi milioni 2, na muuzaji ataka malipo ya kwanza ya asilimia 10. Hiyo ni 200,000. Basi fundi wetu akitoa jasho lake lote la miaka 12, atabaki na shilingi 10,000 mkononi, deni la 1,800,000, na kazi hana. Hatusemi haya kuwachekesha. Twataka kila mmoja aelewe kwa nini chama kikae mezani kabla ya kufunga, maana baada ya kufunga huwa tunagombania senti za mwisho.

Tena angalieni neno moja. Huenda tajiri akasema, "Hatufungi, twahamia nje ya mji." Kuhama si sawa na kufutwa kazi. Mahali pa kazi ni katika mambo yaliyoandikwa kwenye mkataba, na sheria yamtaka tajiri azungumze na mfanyakazi kabla ya kuyabadili, kisha amwarifu kwa maandishi. Anayeambiwa ahame aulize juu ya nauli, saa za kazi na posho ya nyumba. Msitie sahihi karatasi ya kuacha kazi kwa hiari kwa sababu tu yadi mpya iko mbali.

VIBARUA

Ndugu zetu vibarua huambiwa kwamba hawana lolote. Si kweli. Kifungu cha 37 cha sheria ile ile chasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi, au akifanya kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, basi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwezi. Kuosha magari ya yadi mwaka mzima hakuwezi kuwa kazi ya siku moja. Shida ni ushahidi. Kwa hiyo kibarua awe na daftari: tarehe, kazi aliyofanya, fedha aliyopewa, nani aliyempa. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Daftari la senti chache limeokoa kesi nyingi kuliko maneno matamu.

WALIO LANGONI

Mama mwenye mkahawa na mwenye kibanda cha spea, kama wanalipa kodi kwa mwenye kiwanja bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, huenda wanalindwa na sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, iliyoanza tangu 1965. Mwenye nyumba hawezi kuwatoa kwa mdomo. Ni lazima atoe notisi ya maandishi, kwa fomu maalum, si chini ya miezi miwili, na mpangaji aweza kwenda mbele ya baraza la wapangaji kabla notisi haijaanza kazi. Asiyekwenda kwa wakati hupoteza nafasi yake. Risiti za kodi ziwekwe pahali pakavu.

Aliye kando ya barabara, asiyelipa kodi kwa mtu, ana ulinzi mdogo zaidi. Hatutamdanganya. Mwaka 2019 vibanda vya samaki vya Lwang'ni, pale ufuoni walipokuwapo pia waosha magari, viliondolewa kwa sababu ya kutengeneza bandari. Samaki waliliwa pale kwa miaka mingi, na mji mzima ulipajua. Kujulikana hakukuwa hati.

SHERIA HAITEMBEI PEKE YAKE

Hapa twataka mkumbuke mambo mawili yaliyotokea mwaka mmoja. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Mitu-Bell, ya watu waliobomolewa makao yao Nairobi karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Mahakama ilikubali kwamba watu waliokaa muda mrefu katika ardhi ya umma waweza kuwa na haki ya makao inayolindwa na Katiba, hata kama hawana hati. Tulifurahi. Mwezi uliofuata, Februari 2021, nyumba za Wanubi wa Kibos, hapa hapa Kisumu, zilibomolewa katika ardhi iliyodaiwa na Shirika la Reli, na maelfu ya watu wakabaki nje. Familia hizo zilikuwa pale kwa vizazi.

Basi hukumu nzuri ilikuwapo, na tingatinga lilikuja. Hatuyatii haya mbele yenu ili mkate tamaa. Twayasema ili mjue kwamba sheria haina miguu. Yahitaji watu wa kuibeba mapema, kwa barua, kwa mwanasheria, kwa umoja.

MAKASEMBO NA FEDHA YETU WENYEWE

Sasa twafika penye jambo gumu, na yatubidi tuseme kweli.

Makasembo ilikuwa mtaa wa nyumba za kupanga za mji. Nyumba za zamani zimeondolewa, na ghorofa zimejengwa kwa fedha za LAPFUND. LAPFUND ni nini? Ni mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wa serikali za mitaa, ulioundwa kwa sheria mwaka 1960. Yaani ni fedha iliyokatwa kutoka mishahara ya wafagiaji, makarani, wauguzi na askari wa mabaraza na kaunti.

Mwaona fundo lilivyo. Mfanyakazi kama mwekaji akiba ataka mfuko upate faida nzuri, ili atakapozeeka asiwe ombaomba. Mfanyakazi kama mpangaji ataka kodi ndogo. Na pengine ni mtu yule yule mmoja. Mfuko ukijenga nyumba za bei rahisi mno, uzee wetu huharibika. Ukijenga za bei kubwa, sisi wenyewe hatuingii ndani, na nyumba zajazwa na watu ambao hawakuchangia hata senti.

Hatuwezi kulifungua fundo hili kwa makelele. Lakini twaweza kudai mambo matatu kila mahali akiba ya wafanyakazi inapotumika kujenga. Kwanza, wawakilishi wa wafanyakazi katika bodi waje kwa wanachama na hesabu kamili: gharama, bei, na nani amenunua. Pili, aliyekuwa mpangaji katika nyumba zilizobomolewa apewe nafasi ya kwanza, kwa maandishi na kwa masharti anayoweza kuyatimiza. Katika mradi wa Pangani, Nairobi, familia 48 za nyumba za zamani ziliahidiwa kutangulia. Ahadi namna hiyo iwe kanuni, isiwe hisani. Tatu, zisiwe nyumba za kuuza tu. Ziwepo za kupanga, kwa kodi iliyopimwa na mshahara.

TOZO YA NYUMBA

Kila mwezi mnaona katika karatasi ya mshahara makato ya nyumba. Yalianza mwaka 2023. Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 kwamba namna yalivyowekwa ilikuwa kinyume cha Katiba, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi Machi 2024. Makato ni asilimia 1.5 ya mshahara wote, na tajiri huongeza asilimia 1.5. Mwenye 30,000 hutoa 450 kwa mwezi, yaani 5,400 kwa mwaka, na tajiri hutoa kiasi kama hicho.

Wengi hudhani kwamba fedha hiyo ni akiba yao ya kununulia nyumba. Siyo. Ni tozo. Anayetaka nyumba hujiandikisha na kuweka akiba nyingine mbali. Sheria yenyewe imegawa watu kwa mapato: wenye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii, wa kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu. Basi neno letu kwa wenye mamlaka ni hili: ikiwa sisi twachangia kila mwezi, tuonyeshwe hapa Kisumu ni nyumba ngapi zimetengwa kwa kila kundi, hasa lile la chini. Na mtambue kwamba fundi wa yadi aliyepunguzwa kazi hatatoa tena 450, wala hatakuwa na mshahara wa kuombea nyumba. Kazi na nyumba ni kitu kimoja. Sheria ya Ajira yenyewe, kifungu cha 31, yamtaka tajiri atoe nyumba au posho ya nyumba inayotosha. Chungeni kwamba posho hiyo haimezwi kimya kimya.

KABLA YA UA WA MABATI

Neno la maana kuliko yote ni wakati. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 yasema kwamba anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja au kujenga lazima aombe ruhusa ya kaunti, na ombi lake litangazwe ili watu watoe pingamizi. Majengo makubwa yahitaji pia kupimwa madhara yake kwa mazingira chini ya sheria ya 1999. Kuna mlango hapo, nao hufunguka kabla tajiri hajaandika barua ya kupunguza wafanyakazi. Mara nyingi tangazo hubandikwa, hupigwa na jua, hakuna anayelisoma.

Pingamizi si lazima iwe "hapana." Yaweza kuwa maswali. Maji machafu ya nyumba 64 yatakwenda wapi? Mabomba hayo yaelekea Kisat au Nyalenda, na mwisho wake ni ziwa tunalonywa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia katika makao ya watu ufuoni. Je, kiwanja hiki ni salama? Ghorofa ya chini itakuwa na maduka na karakana ndogo, ili mama wa omena na fundi wa betri warudi? Wajenzi watachukuliwa kutoka hapa, kwa mshahara uliokubaliwa na kwa bima ya ajali?

KAZI YA KILA TAWI

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye haya, bila kungoja:

1. Mchagueni mtu mmoja wa kusoma matangazo ya ardhi katika magazeti na katika ofisi za kaunti kila wiki, na kuleta habari mkutanoni.
2. Andikeni orodha ya kila aliye kazini, pamoja na vibarua: jina, tarehe ya kuanza, mshahara, siku za likizo anazodai. Orodha ikae kwa katibu.
3. Mkisikia wapimaji wameingia kiwanjani, mwandikieni tajiri barua siku hiyo hiyo, mkiuliza nia yake, na nakala kwa afisa wa kazi. Asiyejibu amejibu.
4. Mtu asitie sahihi karatasi yoyote ya kuondoka kabla hajaionyesha chama.
5. Aliyekwisha kuondolewa isivyo haki asilale. Mahakama ya Ajira ina kituo hapa Kisumu, na muda wa kushtaki ni miaka 3.
6. Katika mapatano mapya ya pamoja, tieni kifungu: kiwanja kikiuzwa au kubadilishwa matumizi, chama kiarifiwe miezi sita kabla, na malipo yawe zaidi ya siku 15.

Ndugu zetu, wenye viwanja wana wanasheria, wapimaji, wachoraji na mabenki, nao hukutana kabla ya kuanza. Sisi tukikutana siku ya kufungwa lango, tumechelewa. Tukikutana leo, wakati magari bado yapo na nyundo bado zalia, tuna la kusema.

Ghorofa na zijengwe. Lakini wanaozilipia kwa jasho, kwa tozo na kwa akiba ya uzee wao wahesabiwe kwanza, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Umoja ni nguvu.